Mama wa Kwenye Simu

Mjinga wa siku ile alikuwa yeye, wala asitafutwe mwingine. Siku hizi hata mwenyewe hukubali, ukimkuta ametulia na hakuna wa kumcheka. Lakini siku yenyewe aliwatafuta wajinga wengine ukoo mzima, akawagawia lawama kulia na kushoto, mpaka alipotazama mkononi akakuta fungu lililobaki ni lake.

Nyumbani walimwita Mkaguzi, na kazini vilevile, kwa kuwa ndiyo kazi iliyomlisha: kukagua mizigo ghalani. Jicho alikuwa nalo, hilo hatumnyimi. Katoni iliyofunguliwa njiani na kufungwa tena kwa gundi nyingine aliijua kwa kupitisha kidole. Gunia lililoloa likaanikwa alilijua kwa harufu. Na alikuwa na mtindo ambao madereva waliuogopa kuliko askari wa barabarani: akiona kasoro, hasemi. Anatabasamu, anamuuliza dereva habari za safari, anamwacha aongope weee mpaka uongo umwishie, ndipo anapofunua turubai.

Mama yake aliishi mji mwingine, safari ya kutwa nzima, pamoja na kitindamimba wa nyumba ile, binti fundi wa kushona, ambaye cherehani yake ilinguruma barazani tangu chai ya asubuhi mpaka giza liingie. Binti huyu ndiye aliyemwogesha mama magoti yalipogoma. Ndiye aliyemkanda miguu. Ndiye aliyejua kidonge kipi kinatangulia chakula na kipi kinafuata. Mkaguzi, yeye, alitoa kamera.

Tusimcheke kwa hilo, kamera yenyewe ilikuwa nzima. Alimtafuta kwa simu fundi wa intaneti wa mtaa wa mama, jamaa waliyemwita Waya kwa kazi yake na kwa umbo lake, akaja akaipachika juu kabisa kwenye kona ya dari ya sebule, akaiunganisha na kisanduku cha intaneti cha pale nyumbani, kisha akamtumia Mkaguzi namba ndefu yenye nukta katikati, pamoja na neno la siri.

"Weka hiyo namba kwenye simu yako, bosi," Waya alimwambia, "na tangu sasa uko sebuleni kwa mama."

Na kweli. Mkaguzi aliweka, na mama huyo hapo, kwenye kochi lake kubwa la maua: kilemba, mabega na magoti, maana kamera ile iliwatazama watu kama anavyowatazama mjusi wa ukutani.

Tangu siku hiyo akawa mwana mwema asiye na mfano. Kila mapumziko ya kazini simu ilikuwa nje, inazungushwa kwa wenzake. "Mama yangu huyo. Leo kaamka vizuri." Wenzake wakamsifu, na mwenye mama aliyekwisha kufa akafuta machozi. Mkewe ndiye pekee aliyekosa adabu ya kusifu.

"Mume wangu, mara ya mwisho kumpigia mama ilikuwa lini?"

"Nimpigie ya nini, na mimi namwona kila siku?"

"Na kwenda?"

"Mke wangu, nimekwambia namwona."

Mambo yakaenda hivyo, likizo moja ikapita na nyingine ikapita, mpaka Jumatatu moja ya mvua. Mkaguzi alifungua simu kama kawaida, mdomo ukambaki wazi.

Kochi hakuna. Kabati la vyombo hakuna. Zulia hakuna, sakafu imeachwa na baridi yake. Sebule ilikuwa tupu kama ghala lililohamwa: viti viwili vya plastiki, kimeza, na msumari ukutani usio na picha. Kwenye kiti kimoja kakaa mama na kilemba chake, lakini mama gani! Amekonda mpaka mabega yamechongoka kama kitundikio cha nguo. Na kwenye kiti cha pili, karibu naye, mwanamume. Mwanamume wa wapi, haijulikani. Kavaa fulana ya ndani, kashika bakuli, anapeleka kijiko kinywani bila haya, na mama anamtazama.

Mkaguzi alizima simu asije akaipigiza ukutani. Damu ilimchemka, lakini akajikumbusha mtindo wake: dereva hashtuliwi. Akakaa juu ya katoni, akavuta pumzi, akampigia dada yake kwa sauti ya asali.

"Hujambo, mdogo wangu?"

"Ala! Leo jua limetoka wapi? Ngoja nizime cherehani nikusikie, kaka."

"Mama anaendeleaje?"

"Mzima. Amekula, ameshiba, amelala."

Huku wakiongea, Mkaguzi aliifungua tena ile picha. Bibi yuko vilevile kwenye kiti cha plastiki, macho kwa macho na ukuta, vidole vikichezea pindo la nguo.

"Amelala, ee?"

"Fofofo. Nikuamshie?"

"Hapana, muache. Amelala kitandani au kwenye kochi?"

"Kwenye kochi lake, si unamjua. Nikimwambia aende chumbani anasema kitanda kinamnung'unikia."

"Na hapo mko wawili tu?"

"Sasa tuwe na nani, kaka? Au umeniletea mchumba?" Dada akacheka.

"Basi akiamka msalimie."

"Ungemsalimia mwenyewe angefurahi."

"Niko kazini."

Akakata simu. Kwa hesabu zake dereva alikuwa ameshajimaliza: kochi ambalo halipo, usingizi ambao haupo, na mwanamume ambaye "hayupo". Kilichobaki ni kufunua turubai.

Siku iliyofuata alichungulia tena, na iliyofuata. Kila mara akimwona yule mwanamume ameshika bakuli, hasira inampanda, anazima. Mwishowe akazihifadhi picha, akaingia kwenye kundi la ukoo. Kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa kundi, kwanza alimtoa dada yake. Kisha akaandika: *Ndugu zangu, tazameni wenyewe. Huyu ndiye mama yetu. Vitu vimeuzwa, mama anashindishwa njaa, na mwanamume kaletwa ndani anakula mbele yake. Mwizi wetu tunamjua, tumezaliwa naye.*

Ukoo ukawaka. Shangazi mmoja alituma sauti ya kilio tupu, haina neno hata moja, ndefu kama treni. Binamu akaandika kwamba yeye alishamshuku yule binti tangu zamani, ana macho makavu. Wengine walimshukuru Mkaguzi kwa jicho lake, wakasema bila yeye mama angezikwa na watu wasijue. Wote walimtazama yule bibi, wote wakasema maskini mama. Katika watu wote wale hapana hata mmoja aliyepata wazo la kuvuka barabara kwenda kubisha hodi, na wawili kati yao walikaa mtaa uleule.

Mkaguzi akamwambia mkewe afungue chumba cha wageni atoe masanduku, mama anakuja kuishi nao. Akampigia Waya wakutane kwa mama, aje kutoa kumbukumbu zote za kamera ziwe ushahidi. Na njiani akampitia baba mdogo, dereva mstaafu wa malori, mzee ambaye ugomvi wowote ukipita mbele ya mlango wake lazima aurukie. Baba mdogo alikuwa amevaa koti tayari.

"Mimi nitaanza," alisema safari nzima. "Wewe unyamaze. Nitamuuliza swali moja tu, atalia."

Walipofika, dada alikuwa barazani, cherehani imezimwa, mikono mapajani. Haikuwa kawaida yake kukaa bila kazi.

"Karibuni," alisema, ila hakusimama. "Kaka, mnajua nini kinaendelea? Jana shangazi amekuja kuchukua vitambaa vyake. Havijakatwa hata. Nimemuuliza kuna nini, ameangalia pembeni kama vile nanuka. Hata kuingia kumwamkia mama amekataa. Leo wateja watatu wengine, wote ndugu zetu. Nimemkosea nani?"

"Utajua sasa hivi," alisema Mkaguzi, akampita.

Baba mdogo akakohoa kuliandaa lile swali lake moja, akavuka kizingiti, na swali likamfia kooni. Mama alikuwa kwenye kochi lake la maua, mnene, mashavu yanang'aa mafuta, sahani tupu pembeni yake, anashindana na mbegu ya tunda iliyokwama kwenye jino.

"Wageni hao!" akapiga kelele. "Mwanangu! Kumbe unayo njia ya kuja huku!"

Baba mdogo, ambaye kwenye malori alijifunza kugeuza gari hata pasipo na nafasi, aligeuza papo hapo. "Shemeji! Tumesema tuje tukuone tu, roho imetutuma."

Mtu mwenye akili angeishia hapo, akaomba maji, akanywa. Mkaguzi alizunguka kochi, akalipapasa mgongoni, akainama kutazama miguu yake.

"Mmelirudisha lini?"

"Nini?" dada akauliza.

"Kochi. Na kabati. Nani kakwambia nakuja?"

"Limerudi kutoka wapi?" akashangaa mama. "Mimi nimelikalia tangu asubuhi, au nimebebwa nalo?"

"Mama, usiogope, sema ukweli. Yule mwanamume yuko wapi?"

Dada akasimama mlangoni. "Mwanamume gani?"

"Wa fulana!" Mkaguzi akachomoa simu kama mtu achomoaye kisu. "Mnadhani sioni? Tazameni! Sasa hivi hii, siyo jana! Sebule hii hii!"

Wakatazama. Kwenye simu, sebule tupu, viti vya plastiki, bibi mwembamba. Kwenye sebule, kochi, kabati, mama mnene. Baba mdogo aliangalia simu, akamwangalia mama, akaangalia tena simu, kisha akarudi nyuma hatua moja, hakuna aliyejua anamkimbia nani.

Mkaguzi aliinua uso kwenye kamera ya darini. Taa yake ndogo ilikuwa inawaka vizuri. Akaipungia mkono. Kwenye simu hakuna aliyepunga. Akapunga kwa mikono yote miwili, akaruka kidogo. Kwenye simu yule bibi alijikuna sikio.

Ni wakati huo ndipo Waya alipopiga hodi na begi lake, akamkuta mtu mzima anairukia kamera.

"Bosi, vipi, nyuki?"

"Waya, njoo hapa. Hii kamera inaonyesha nini?"

Waya akaichukua simu, akaisogeza machoni, na uso wake wote ukacheka kabla ya mdomo. "Ah! Hapa si kwa fundi viatu, nyumba ya nyuma ya kisima? Hiyo kamera nimemfungia mimi mwenyewe! Huyo ni mama yake. Anaumwa, maskini. Wewe umeingiaje humo?"

"Nimeingia kwa namba uliyonipa wewe!"

"Ya lini?"

"Ya siku ile ulipoifunga!"

Waya akakaa chini kwenye zulia, maana alicheka mpaka miguu ikamwacha. Alipopata pumzi alieleza, na tumsikilize, kwa sababu siku ile ndiye peke yake aliyekuwa na la kueleza.

"Ile namba, sisi mafundi tunaiita IP, hukununua, bosi. Kampuni ya intaneti imekuazima. Nyumba zenye intaneti ni nyingi, namba walizonazo hazitoshi kumpa kila mtu yake ya milele, kwa hiyo zinazungushwa. Kisanduku kikizimika, umeme ukikatika, au wao huko wakipangua mambo yao bila kumwambia mtu, ile namba inarudi kapuni. Ukiwaka tena unapewa yoyote iliyo wazi. Na ile yako ya zamani anapewa jirani. Dada, hapa umeme haukukatika karibuni?"

"Jumapili ile ya mvua," alisema dada. "Mtaa mzima."

"Basi ndiyo hapo. Fundi viatu kawaka, kapewa ya kwenu. Nyie mmewaka, mmepewa nyingine."

"Hata kama!" Mkaguzi akafoka. "Mlango wa mtu una kufuli. Neno la siri je? Mbona lilikubali?"

Hapo kicheko cha Waya kikapungua kidogo. "Neno la siri... unajua, bosi, wateja wangu wanasahau. Wananipigia usiku na mchana. Kwa hiyo huwa nawawekea wote lilelile."

"Mtaa mzima?"

"Mtaa huu na ule wa sokoni."

"Kwa nini hukuniambia namba inahama?"

"Nilikwambia! Nilikwambia kuna njia ya kuweka jina, hilo jina lenyewe linaifuata namba popote inapokwenda. Ukaniambia nisikuletee hadithi, niweke namba, niende."

Kwenye simu iliyokuwa bado mkononi mwa Waya, mwanamume wa fulana akatokea na bakuli lake. Akavuta kiti, akaketi mbele ya yule bibi. Akachota uji, akaonja, akapuliza, akaonja tena. Kisha akaupeleka mdomoni mwa bibi taratibu, kiganja cha pili kikiukinga chini ya kidevu. Bibi akameza. Akamfuta. Akachota tena, akaonja.

Siku zote zile Mkaguzi alikuwa akizima simu kwenye ule mwonjo wa kwanza.

"Zima," alisema mama. "Hao watu wako kwao."

Waya akazima, akatoka barazani na simu yake sikioni, kumtahadharisha fundi viatu, akijaribu kutafuta maneno ambayo hayatamvunjia jina.

Dada alikuwa amechukua simu ya baba mdogo mezani, ambayo mzee alikuwa ameiacha wazi kwenye kundi la ukoo. Akasoma. Alisoma polepole, akipandisha kidole, mpaka akalifikia neno *mwizi*. Akalisoma kwa sauti, na lile la njaa, na lile la mwanamume. Hakulia. Binamu yule angeona macho makavu kweli.

"Kwa hiyo ndiyo maana ya vitambaa," alisema.

"Mdogo wangu," Mkaguzi akaanza, "ulikuwa mkanganyiko tu. Ni kampuni. Ni hawa mafundi wa kubahatisha. Na wewe nawe, umeme ukikatika ungenijulisha."

"Nikutangazie umeme, kaka? Nikutangazie na mvua?"

"Nitaandika kwenye kundi sasa hivi. Nitasema kulikuwa na hitilafu ya mtandao."

"Jina langu hukuliita mtandao. Uliliita mwizi. Andika umeona mama wa mtu mwingine ukanisingizia, uweke na jina lako chini. Na uandike nikiwa ndani ya kundi, nisome."

"Taratibu, taratibu, tusifike huko," alisema baba mdogo. "Mambo ya ndani yamalizwe ndani."

"Ba'mdogo, wewe umeandika hapa nivuliwe nguo sokoni. Hapo palikuwa ndani?"

Mzee akalikumbuka koti lake, akaanza kulifunga vifungo.

Mkaguzi alikuwa amebanwa, na mtu aliyebanwa hutafuta mlango popote, hata penye ukuta. Angeandikaje vile, ukoo mzima uliomsifu jicho ukasoma? Angerudije mikono mitupu, wakati mkewe amekwisha kutoa masanduku chumbani? Akapiga magoti mbele ya kochi, akamshika mama mikono, akaweka ile sauti ya asali.

"Mama, tuyaache hayo. Yamekwisha. Lakini safari yangu isiwe bure. Nimekuja kukuchukua. Chumba kiko tayari, kitanda kipya, dirisha linatazama bustani. Hapa mdogo wangu ana kazi zake, anachoka. Kwangu nitakuwa nakuona kwa macho yangu mwenyewe, asubuhi na jioni."

Dada aligeuza uso akatazama barazani. Kama mama angesema ndiyo, ukoo ungesema umeona: amenyang'anywa mama, hapafuki moshi bila moto. Hakuna andiko la kwenye kundi ambalo lingefuta hilo. Alijua, akamwachia mama mwenyewe aamue.

Mama aliirudisha mikono yake mapajani.

"Yule bibi ulimtazama siku zote hizo?"

"Ndiyo, mama, lakini kamera iko juu, inaonyesha utosi..."

"Ukasema ni mimi."

"Kilemba kilikuwa kama chako, mama."

"Ukamlilia?"

"Nililia, mama. Wallahi nililia kazini, watu wakanishika."

"Basi nikihamia kwako, mwanangu, utanijuaje?"